Tega, Tegua

Jumamosi palikuwa na harusi uwanjani Makorora.
Nguzo sita, turubai la bluu, pilau ya sinia,
na mimi, winga wa kulia, nikacheza
mpaka viatu nikavishika mkononi.
Jumapili turubai limeondoka. Nguzo zimeondoka.
Shimo moja halikuondoka.

Dakika ya thelathini na kitu.
Mpira uko kwa Kibibi, Kibibi ananiona,
anautuma mrefu, nami beki nimeshamwacha,
nimebaki na kipa na anga,
mguu ukaingia ardhini kama ufunguo kwenye kufuli
na kitu ndani kikageuka.

Sikulia kwanza. Nilisikia:
mlio wa kijiti cha muhogo mkavu.
Kisha ndipo nikalia.

Kitendawili.
Tega.
Kutegwa nilitegwa, kuteguka nikateguka;
nani wa kunitegulia?

Mtoto wa barafu za ukwaju
akamwaga deli lake zima juu ya kiatu.
Zilining'ata baridi, kisha zikayeyuka, kahawia, tamu,
na sisimizi wakafika kabla ya machela.
(Machela hatuna. Nilibebwa kwa baiskeli ya refa.)

Usiku kifundo kilikuwa boflo.
Shangazi Mwantumu akaja na chumvi ya moto kitambaani,
mafuta ya ufuta,
na vidole gumba viwili visivyojua pole.
"Kimehama," akasema, "nakirudisha kwao."
Nikang'ata kanga. Maneno ya kanga ile siyataji,
yalikuwa yananicheka.
Asubuhi boflo lilikuwa limeota rangi:
zambarau, kijani, manjano ya papai.

Bombo, chumba cha picha. Mfupa mzima.
"Kano mbili zimechanika," akasema Hoza wa mazoezi ya viungo,
mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwenye duka.
"Siku za kwanza ni baridi, bandeji, na mguu juu ya mto.
Moto na kukanda ni kumpiga mtu aliyekwisha kuanguka."
Shangazi sikumwambia.
Nilimwambia vidole vyake vimesaidia.

Wiki ya tatu nikapewa kazi za ajabu:
kupiga mswaki kwa mguu mmoja,
kuvuta tyubu ya baiskeli iliyofungwa kwenye tendegu,
kuandika alfabeti hewani kwa kidole gumba cha mguu.
Mimi niliyeacha shule bila kuaga
nikarudi darasani kwa mguu.
M iliuma. O ilinitoa jasho.
Nilipomaliza Z nikaandika jina la yule beki,
kisha nikalifuta kwa kisigino:
hakunigusa yule.
Nilikuwa natafuta wa kumlaumu, na shimo halina jina.

Kuna jambo picha ya Bombo haikulionyesha.
Kano ziliunga, mguu ukabaki na woga wake.
Mwezi wa nne Hoza akasema, tayari.
Nikakimbia,
na kila nyasi iliyolala vibaya niliidhania mdomo.
"Tazama mpira!" akafoka Kocha Semboja.
Nikatazama chini.

Fundo la mguuni lilikuwa limelegea.
La moyoni, hata Hoza hana tyubu yake.

Sasa Jumapili nafika mapema na ndoo ya mchanga.
Naupita uwanja wote peku, taratibu,
kama mtu aliyeangusha hereni.
Watoto hunicheka.
Kibibi alinicheka, kisha akachukua ndoo ya pili.

Jana wamekuja vijana wa maturubai:
kuna harusi tena, safari hii nguzo nane.
Nikauliza bibi harusi ni nani, wakanitajia.
Chimbeni, nikawaambia.
Mkishang'oa niamsheni, hata iwe saa tisa usiku.
Mchanga upo,
na mguu wa kushindilia ninao.